Mfupa Mwembamba

Saa mbili na nusu asubuhi mpelelezi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mazoezi, kiatu kimoja mguuni na kingine sakafuni, suruali imekunjwa hadi juu ya goti, akingoja kufanyiwa kile kilichomvunja mtu mwingine.

"Nionyeshe vile vile," alisema kwa sauti yake ya chini. "Usinipunguzie kwa kuwa mimi ni askari."

Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa fizio wa hospitali hiyo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwaka wa kumi na sita sasa. Wagonjwa walimbandika jina la Bibi Nyoosha, maana neno hilo ndilo waliloamka nalo na ndilo walilolala nalo. Siku kumi na moja zilizopita, juu ya kitanda hiki hiki, mgonjwa wake mmoja alivunjika mfupa. Alikuwa binti mshonaji, mwenye mguu mmoja mfupi tangu utotoni, ambaye alikuwa amerefushwa mguu huo kwa vyuma na vyuma vikatolewa siku tisa kabla. Taarifa iliyosainiwa na binti huyo ilisema kwamba Bibi Nyoosha alimkandamiza goti kwa nguvu, akamwambia aache kudeka, na mfupa ukakatika. Leo saa tisa alasiri kamati ya nidhamu ingekaa. Kama kamati ingeikubali taarifa, kesho jalada lingefika kwa mwendesha mashtaka, na fizio angesimama kizimbani kwa kosa la kumjeruhi mgonjwa.

"Mkono mmoja unakaa hapa, chini ya kisigino," Bibi Nyoosha alisema. "Wa pili hapa juu ya goti. Haushiki, unapumzika tu. Halafu namwambia aachie mguu uanguke wenyewe. Uzito wa mguu ndio unaokunja goti, si mimi. Achia, afande."

Mpelelezi aliachia. Goti lake lililia kama bawaba ya mlango wa stoo.

"Hilo lako limeshika kutu." Ulikuwa utani, lakini fizio hakucheka.

"Yeye alikuwa amefika wapi?"

"Nyuzi sitini. Tulikuwa tunatafuta tisini."

"Ulisikia sauti?"

"Niliisikia mkononi kwanza, ndipo masikioni. Kama ganda la karanga likibanwa."

"Yeye alisemaje?"

"'Dada, nini hicho?' Basi." Fizio alikunja taulo ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. "Yeye ndiye aliyekuwa akiniita dada, afande, sikumlazimisha. Miezi mitano nimemshika kiuno asianguke. Ngazini, bafuni, kote. Siku ya pili nikaenda wodini kumjulia hali, akageuzia uso ukutani. Siku ya tatu nikaletewa barua ya kusimamishwa kazi."

"Ulimwambia aache kudeka?"

"Nilimwambia. Lakini mwezi wa pili, wala si siku ile. Na alicheka mpaka akashika mbavu."

Mpelelezi aliandika: kudeka, mwezi wa pili, alicheka. Yeye aliandika kila kitu, kikubwa na kidogo, kwa sababu alishajifunza kwamba siku ya kwanza hujui kipi ni kipi. Kisha akaelekeza kalamu kwenye mizani ya bafuni iliyokuwa chini ya dirisha.

"Na hii?"

"Ya kuufundisha mguu. Anakanyaga mizani kwa mguu ule peke yake mpaka mshale ufike palipoagizwa, mwili unauzoea uzito huo. Bingwa aliniandikia mwisho kilo kumi na tano. Hizi hapa, siku kwa siku."

Alimpa daftari. Nane, nane, kumi, kumi na mbili, hadi kumi na tano, na pembeni maneno mafupi: leo sawa, leo goti zito, leo nimeona nyota mchana. Herufi zote zililalia nyuma, kama watu wanaovutwa na upepo.

"Mwandiko wako?"

"Wake. Nilimwachia aandike mwenyewe ili ajione anavyopanda."

Mpelelezi alifungua jalada akatoa taarifa ya mgonjwa. Herufi zake zilisimama wima, zimepangika kama matofali. Saini ya chini tu ndiyo iliyolalia nyuma. Alivaa kiatu, akaomba kuazima daftari, akapanda ngazi kwenda kwa daktari.

*

Daktari mpasuaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Bingwa, alikuwa akipanga vitabu kwenye maboksi. Mwisho wa mwezi alikuwa anaondoka kwenda masomoni, miaka miwili.

"Mifupa hii huvunjika," alisema kabla hajaulizwa. "Hata mikononi mwa watu waangalifu. Ni hatari inayojulikana, na mgonjwa aliambiwa."

"Nieleze mimi kama ulivyomweleza yeye, daktari. Sikusomea mifupa."

Bingwa alishusha pumzi, akachukua kalamu mbili za risasi akazigusanisha ncha. "Tunaukata mfupa. Tunaufunga kwa fremu ya chuma, pete na nyaya zinazopita mfupani. Halafu tunazitenganisha ncha hizi polepole. Skrubu inazungushwa robo milimita mara nne kwa siku, yaani milimita moja. Kwenye hilo pengo mwili unajaza mfupa mpya. Mwanzoni ni laini kama maziwa yaliyoganda, baadaye unakaza. Ukivua fremu kabla haujakaza, unapinda au unavunjika."

"Uliivua mapema?"

"Niliivua kwa picha." Sauti ilipanda. "Nina kanuni. Mfupa mpya una kuta nne, mbili unaziona kwenye picha ya mbele, mbili kwenye picha ya ubavu. Zisipoonekana tatu kati ya nne, sigusi spana. Kwa huyu zilionekana tatu, safi."

"Skrubu alizungusha nani?"

"Mjomba wake. Ni mtu wetu wa eksirei, Bwana Picha tunamwita. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mpwa gani angepata bahati hiyo?"

Mpelelezi aliomba karatasi ya skrubu, ambamo kila mzunguko hutiwa alama. Mtu mvivu akizungusha mara nane siku moja ili afidie jana, mfupa mpya hauwezi kukaza. Hilo hata asiyesoma angelifikiri. Na mvivu hujulikana kwa alama zake, maana huzitia zote kwa mkupuo, kalamu moja, mwendo mmoja. Alisogeza karatasi dirishani. Siku arobaini na nane, alama nne kila siku. Wino ulibadilika mara tatu. Siku ya kumi na sita palikuwa na duara la kikombe. Siku ya thelathini na moja alama zilikuwa tatu tu, na maneno kwa herufi wima: maumivu, nimeruka moja, Bingwa ameruhusu.

"Kuna namna ya kupima pengo lenyewe?"

Bingwa alimwonyesha kipande cha chuma chenye alama za milimita, ambacho hupigwa picha pamoja na mguu. Mpelelezi alilinganisha, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Milimita arobaini na nane, kasoro kidogo sana. Karatasi ilikuwa ya kweli, na dhana ya uvivu ikafia hapo hapo.

"Mtu huyu alikuwa mwaminifu," alisema.

"Si nimekwambia?"

"Umeniambia. Kwa kawaida mfupa huchukua muda gani kukaza?"

"Kama mwezi na nusu kwa kila sentimita."

Mpelelezi aliandika, akazidisha pembeni mwa ukurasa. "Inakuja miezi saba na kitu. Yeye alivaa mitano."

"Ni kijana, hana ugonjwa, havuti sigara. Wapo wanaowahi."

"Ulishangaa?"

"Nilifurahi," Bingwa alisema, akavua miwani akaifuta. "Niliwaita hata wanafunzi waje kuona."

Mpelelezi aliomba picha zote zipangwe kwa tarehe kwenye kisanduku cha taa. Zilikuwa seti sita: nne za miezi ya mwanzo, ya tano iliyotoa ruhusa ya kuvua, na ya sita iliyopigwa saa moja baada ya kuvunjika. Alisimama mbele yake muda mrefu hivi kwamba Bingwa alirudi kwenye maboksi yake. Mambo ya kuta hakuyaelewa. Lakini kuhesabu alijua, na kupima alijua, basi akaanza upande wa kushoto na rula yake ya shule.

"Huu mwembamba wa pembeni ni wa nini?"

"Ni mwenza wa ule mnene. Nao tunaukata kidogo, la sivyo unazuia mguu kurefuka. Hauna shida, hujiunga wenyewe. Hatuuangalii."

"Mkato wake uko sentimita tisa juu ya kifundo. Hapa tisa. Hapa tisa. Hapa tisa." Rula ilihamia picha ya tano. "Hapa kumi na tatu." Ikahamia ya sita. "Hapa tisa tena. Daktari, mkato unaweza kuhama?"

"Hauwezi."

"Basi huu ulitoka matembezi ukarudi."

Bingwa aliacha kitabu alichokuwa nacho mkononi. Alikuja, akachukua rula, akapima mwenyewe, akairudisha rula mezani taratibu sana.

"Huu si mguu wake," alisema.

Kwenye kona ya picha ya tano palikuwa na kibandiko chenye namba ya binti mshonaji. Mpelelezi alilowesha kidole, akaukwangua ukingo wake kwa ukucha mpaka ukainuka. Chini palikuwa na namba nyingine, imeparuzwa kwa wembe, imebaki mikia tu ya tarakimu mbili. Lakini Bingwa hakuzihitaji tarakimu.

"Ni mgonjwa wangu wa mwaka jana, seremala. Huu mkato wa mshazari ni mkono wangu, siku hizo msumeno ulikuwa butu." Alikaa juu ya boksi. "Upande ule ule wa kushoto. Urefu karibu ule ule. Afande, siku ya kuvua nilipaswa kuutikisa mfupa kwa mkono kwanza, kujaribu. Nilikuwa na wagonjwa watano asubuhi ile. Picha ilikuwa nzuri mno."

"Miezi yote hii mlikuwa mnatazama nini?"

"Mfupa mnene. Hapa kila mtu anatazama mfupa mnene."

"Na aliyeweka picha hii naye hutazama huo huo, ndiyo maana hakuona kosa lake. Vibandiko hubandika nani?"

"Haiwezekani. Wewe mwenyewe umesema ni mwaminifu. Siku arobaini na nane amemzungushia mpwa wake skrubu. Amvunje kwa faida gani?"

"Sijasema amemvunja," mpelelezi alijibu. "Nimeuliza anayebandika ni nani. La faida nalitafuta." Alifika mlangoni akageuka. "Fremu yenyewe iko wapi sasa?"

*

Mama wa stoo alikuwa na umri wa kustaafu na sauti ya kuuza sokoni.

"Fremu ya binti? Hiyo hailali, mwanangu! Hospitali nzima zipo mbili. Moja ipo kwa dereva wodi ya wanaume, itabaki huko mpaka tuote mvi. Hiyo ya pili ilitoka kwa binti Jumanne, nikaichemsha Jumanne hiyo hiyo, Jumatano ikaingia mguu mwingine."

"Mguu wa nani?"

"Wa Chiriku. Mtoto wa Bwana Picha, wa miaka tisa. Wamempa jina hilo kwa sababu hafungi mdomo, hata kwenye usingizi wa dawa nasikia alikuwa anasimulia." Alicheka, kisha akaona kwamba mgeni wake hacheki. "Si kwa kuruka foleni, usije ukamfikiria vibaya. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Miaka miwili anangoja, na mguu wake kila akikua unaachwa nyuma zaidi. Na Bingwa akiondoka, nani atamkata mfupa? Baba yake alikuwa anapita hapa kila siku ya Mungu. 'Mama, imerudi?' Namwambia itarudi vipi, baba, na imo mguuni kwa mpwa wako? Tunacheka, anakwenda zake."

"Alikuwa anacheka naye?"

Mama wa stoo alifikiri. "Mwanzoni," alisema.

*

Chumba cha eksirei kilikuwa baridi na kisafi. Bwana Picha, mwanamume mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi, alimfutia mpelelezi kiti kwa kitambaa.

"Karibu, afande. Nilijua mtafika na kwangu. Mimi sina kinyongo na yule mama, ila mtoto aliumia mikononi mwake. Asiadhibiwe sana, lakini asiachwe aendelee."

"Nitalikumbuka hilo. Naomba kuona kitabu chako cha picha."

Alipewa. Kila picha ilikuwa na tarehe, namba, mguu au mkono, hata zile zilizoharibika. Herufi zilisimama wima, kama matofali. Mpelelezi aliiweka taarifa ya mgonjwa kando ya kitabu, akasubiri.

"Niliandika mimi," Bwana Picha alisema haraka. "Mkono wake ulikuwa na dripu. Yeye alisema, mimi nikaandika."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Hili la kuambiwa aache kudeka alikwambia lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Fizio anasema alimwambia mwezi wa pili, wakacheka. Nikienda wodini sasa hivi nikamuuliza mpwa wako, atanipa tarehe ipi?"

Bwana Picha alikunja kitambaa chake mara mbili. "Alikuwa na maumivu. Maumivu huchanganya siku."

"Yalimchanganya yeye, au ulimchanganya wewe?"

Mpelelezi alifungua jalada akatoa picha ya tano, akaiinua kuelekea taa ya dari.

"Mfupa mnene ulichagua vizuri. Hata Bingwa ulimpita. Lakini tazama huu mwembamba."

Mtu wa eksirei alitazama. Kwa miaka ishirini alikuwa amepiga picha za mifupa ya watu, na alihitaji muda mdogo tu. Mpelelezi aliona alivyopepesa macho kutoka mkato hadi kifundo, kifundo hadi mkato, midomo ikihesabu bila sauti.

"Sikuutazama," alisema.

"Hakuna aliyeutazama. Za kwake halisi ziko wapi?"

Alikwenda kwenye kabati ambamo aproni za risasi, zile za kuzuia mionzi, zilitundikwa. Nyuma ya aproni ya mwisho palikuwa na bahasha. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

"Nilishindwa kuzichana."

Katika pengo la mfupa palikuwa na wingu tu. Mstari mmoja mweupe ulipita ubavuni mwake, hafifu.

"Kuta ngapi?" mpelelezi aliuliza.

"Moja. Ukitaka kuwa mkarimu, moja na nusu." Alikaa kwenye kiti alichokuwa amemfutia mgeni. "Ilibaki miezi miwili, afande. Mwisho wa mwezi Bingwa anaondoka. Nilifanya hesabu. Nikasema atavaa gamba gumu la plasta, nitambeba mwenyewe, hatakanyaga chini, mfupa utakaza humo humo ndani ya gamba. Wapo waliokaza hivyo. Nimewaona, nimewapiga picha."

"Lakini aliandikiwa kilo kumi na tano."

"Bingwa aliandika kwa kufuata ile picha. Na kukunja goti pia. Ningesema nini?"

"Ungesema."

Nje ya mlango mtu alikohoa, akapita na toroli.

"Na fizio?"

"Nilidhani watampa onyo. Mtu wa miaka kumi na sita kazini, nani angemfukuza? Halafu ikaja barua, halafu mkaja ninyi. Kila siku nilisema kesho."

"Chiriku anajua?"

"Hapana!" Alisimama. "Wallahi hapana, afande. Yule mtoto anajua zamu yake ilifika tu." Akaketi tena. "Niache nimwambie mpwa wangu mwenyewe. Asilisikie kutoka kwa mtu baki."

Mpelelezi aliangalia saa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. "Utamwambia mbele yangu," alisema. "Na hutamwelekeza la kusema."

*

Vitanda vya mabinamu hao wawili vilikuwa sambamba, chini ya dirisha moja. Kimoja kilikuwa kitupu. Muuguzi alikuwa amemtoa Chiriku ubarazani kuota jua, na sauti yake ilisikika huko akimweleza mtu jinsi pete za chuma zinavyofungwa. Kwenye cha pili alikuwa binti mshonaji, plasta imempanda hadi pajani, akishona pindo la gauni la mgonjwa mwenzake. Bingwa alikuwa amekwisha kumwambia: miezi minne ya plasta, na huenda katika sentimita zile karibu tano, mbili zikapotea.

"Mjomba, leo umekuja na ulinzi?" alisema, akitabasamu. Kisha akauona uso wake. "Kuna nini?"

Bwana Picha alikuwa ameandaa maneno njiani. Mpelelezi alimsikia akiyanong'ona ngazini. Sasa yalimkimbia yote. Aliitoa picha kwenye bahasha akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha.

"Huu wa nani?" binti aliuliza.

"Wako, mwanangu. Wa siku ile kabla hujavuliwa."

"Wangu ulikuwa mzuri. Si uliuegemeza hapo hapo dirishani ukaniambia, tazama mfupa wako ulivyo? Nikalia. Nikaubusu, na muuguzi akanicheka."

"Ule ulikuwa wa seremala mmoja. Wa mwaka jana."

Binti alimtazama mjomba, akamtazama mpelelezi, na jambo la kwanza lililomtoka lilikuwa kicheko. "Nimebusu mguu wa seremala?" Alicheka peke yake, na hakuna aliyemsaidia, mpaka kikakatika.

"Kwa nini?"

Macho ya mjomba yalikwenda kwenye kitanda kitupu cha pili, yakakaa hapo. Binti aliyafuata. Kule ubarazani Chiriku alikuwa amefika kwenye skrubu, na mara ngapi kwa siku, na kwamba haumi hata kidogo ukijikaza.

Ilichukua muda. Sindano ilibaki imechomekwa kwenye pindo, nusu ndani, nusu nje.

"Ungeniomba," binti alisema hatimaye.

"Ungekataa. Ungekuwa na haki ya kukataa."

"Ungeniomba, mjomba, nikukatalie. Au nisikukatalie. Sasa hatutajua." Sauti yake haikupanda. "Ukaniambia Bibi Nyoosha alikuwa na hasira siku ile. Nikakwambia sikumbuki hasira. Ukasema maumivu yamenisahaulisha. Nikakuamini wewe, nikaacha kuamini kumbukumbu yangu. Amekuja hapa kuniangalia, nikamgeuzia uso. Ukiwa umekaa hapo. Ukaniona nikimgeuzia uso."

"Niliona," mjomba alisema.

Mpelelezi alimwekea binti karatasi juu ya ubao wa chakula, na kalamu. "Andika unachokumbuka wewe. Usichokikumbuka, acha wazi. Una muda."

Aliandika ukurasa na robo. Herufi zililalia nyuma zote. Mara mbili alisita, mara moja akafuta neno na kuliandika upya. Mjomba alisimama miguuni pa kitanda kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Binti alipomaliza, alisaini, akampa mpelelezi bila kuirudia.

"Inamtosha Bibi Nyoosha?"

"Pamoja na picha hizi, inamtosha. Leo saa tisa nitaisoma mbele ya kamati."

"Atakuja kuniona?"

"Sijui," mpelelezi alisema. "Sitamwomba."

Mlango ulisukumwa. Muuguzi aliingia na kiti cha magurudumu, na juu yake Chiriku, mguu umenyooshwa mbele ndani ya zile pete za chuma, mdomo ukitangulia.

"Baba! Saa sita na dakika mbili! Umechelewa dakika mbili nzima, na Bingwa alisema saa ni saa. Dada, mwambie. Leo ni siku ya kumi na mbili, tukimaliza hii nitakuwa na sentimita moja na kitu, nitakuzidi, wewe ngoja tu."

Chiriku aliwatazama mmoja mmoja. "Mbona mmenuna?"

Bwana Picha aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kifunguo kidogo cha chuma, kirefu kama kidole. Alikitazama, akamtazama mpelelezi. Mpelelezi alitikisa kichwa taratibu, kwamba hapana, muda umekwisha.

"Baba ana kazi na afande," binti mshonaji alisema. "Leo nitakuzungushia mimi. Nilizungushiwa siku arobaini na nane, kwani kuna nisichokijua? Sogea hapa karibu, na leo usinisimulie, hesabu."

Muuguzi alisogeza kiti mpaka pete za chuma zikagusa godoro. Binti alijiinua kwa kiwiko, akauma meno plasta ilipomvuta, akafikia. Mjomba alipiga hatua moja mbele akamnyooshea kifunguo, kiganja kimefunguliwa.

Binti hakukipokea. Alikuwa amekwisha kugeukia mguu wa mtoto, akitafuta skrubu ya kwanza kwa ncha za vidole.

"Weka mezani," alisema.